Mwenye heri Padre Michael McGivney: Uzalendo ulioanzia nyumbani kwa mjane

Mwenye heri Michael McGivney hakuwahi kuwa askofu, wala hakuacha nyuma yake vitabu vya teolojia. Alikuwa paroko msaidizi wa miaka 29 alipowakusanya wanaume wa parokia yake katika chumba cha chini ya kanisa, mwezi Oktoba 1881, huko New Haven, Marekani. Chama kilichozaliwa pale, Knights of Columbus, yaani Mashujaa wa Columbus, leo kina wanachama zaidi ya milioni 2. Ni chama cha kidugu na cha kizalendo. Ili kuelewa uzalendo huo ulitoka wapi, ni lazima kwanza kuyajua maisha ya padre huyu.

Utoto na njia ndefu ya wito

Michael alizaliwa tarehe 12 Agosti 1852 katika mji wa Waterbury, jimbo la Connecticut. Wazazi wake, Patrick na Mary, walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Baba alifanya kazi ya kuyeyusha na kumimina shaba kiwandani. Michael alikuwa wa kwanza kati ya watoto 13, na sita kati yao walifariki wangali wadogo. Akiwa na miaka 13 alimaliza masomo ya shule na kuajiriwa katika kiwanda cha shaba, idara ya kutengeneza vijiko, ili kuongeza kipato cha familia.

Alipofikisha miaka 16 aliruhusiwa kwenda Quebec, Kanada, kuanza masomo ya kuelekea upadre. Baadaye alisoma karibu na Niagara, kisha Montreal. Mwezi Juni 1873 baba yake alifariki. Michael alirudi nyumbani, na kwa muda ilionekana kama wito wake ungeishia hapo, kwani fedha za kuendelea hazikuwepo na mama alibaki na watoto wa kulea. Ni msaada wa jimbo lake la Hartford uliomwezesha kuingia Seminari ya Mtakatifu Maria, Baltimore. Alipewa daraja takatifu la upadre tarehe 22 Desemba 1877 na Askofu Mkuu James Gibbons, ambaye baadaye alikuwa Kardinali.

Ndugu waseminari, tukio hilo la mwaka 1873 lina uzito mkubwa. Kijana huyu alijifunza maana ya neno mjane katika nyumba ya mama yake mwenyewe, kabla hajaisoma katika Maandiko kama padre.

Paroko msaidizi wa New Haven

Alipangiwa Parokia ya Mtakatifu Maria, New Haven. Kanisa lilikuwa jipya na zuri, lakini lilikuwa na deni kubwa. Lilijengwa katika barabara ya matajiri, na baadhi yao hawakupenda kuona kanisa la Wakatoliki mbele ya nyumba zao. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa. Wakatoliki wengi walikuwa wahamiaji maskini, na majirani zao waliwashuku kwamba utii wao kwa Baba Mtakatifu haungewaruhusu kuwa raia waaminifu.

Padre McGivney alijikita katika kazi za kila siku: katekisimu, wagonjwa, na michezo ya kuigiza ya vijana ili kuwaepusha na ulevi. Alimtembelea gerezani kijana Mkatoliki aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mkuu wa polisi, akamwandaa kwa sala na sakramenti, na akamsindikiza hadi siku ya mwisho, tarehe 1 Septemba 1882.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa kifo cha baba wa familia. Kazi za viwandani zilikuwa za hatari na magonjwa yalikuwa mengi. Mwanaume akifa, mkewe alibaki bila kipato, na mahakama ingeweza kuwatoa watoto kwa mama ikiwa hakuna wa kuwadhamini. Mwaka 1882 Padre McGivney mwenyewe alisimama mahakamani kuwa mlezi wa kisheria wa kijana mmoja aliyefiwa na baba.

Kuanzishwa kwa chama

Wakati huo vilikuwepo vyama vya kidugu vilivyowasaidia wanachama wakati wa msiba. Lakini vingine vilikuwa vya siri, na Kanisa lilikwisha kuwakataza waamini kujiunga na Wamasoni. Mwanaume Mkatoliki alijikuta njia panda: ailinde imani yake, au aihakikishie familia yake usalama. Padre McGivney aliona kwamba kukataza tu hakutoshi. Alisafiri hadi Boston na Brooklyn kujifunza jinsi vyama vya Wakatoliki vya huko vilivyoendeshwa, kisha akaanzisha chake. Kilipata usajili wa serikali ya Connecticut tarehe 29 Machi 1882.

Utaratibu ulikuwa rahisi: wanachama walichangia, na mmoja wao akifa, mjane na yatima walipata msaada. Padre alikataa kuwa kiongozi mkuu. Nafasi hiyo alipewa mlei, James Mullen, aliyewahi kuwa mwanajeshi, naye Padre akawa katibu.

Jina la Columbus lilichaguliwa kwa makusudi. Leo jina hilo linazua mjadala, kwa sababu ya mateso yaliyowapata wenyeji wa bara lile baada ya ujio wa Wazungu. Lakini katika Marekani ya wakati ule Columbus aliheshimiwa na wote, naye alikuwa Mkatoliki. Wanachama walitaka kusema kwamba Wakatoliki si wageni katika nchi hiyo.

Misingi ya chama ilikuwa upendo, umoja na udugu. Uzalendo uliongezwa kama msingi wa nne mwaka 1900, miaka 10 baada ya kifo cha mwanzilishi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, chama kiliendesha vituo vya kuwahudumia askari bila kujali dini wala rangi.

Akina mama nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1897, humohumo New Haven, tawi moja la chama liliunda kundi la wanawake la kulisaidia. Likakua na kuwa Daughters of Isabella, yaani Mabinti wa Isabella, kwa jina la malkia wa Hispania aliyeiwezesha safari ya Columbus. Misingi yake ni umoja, urafiki na upendo.

Mwisho wa maisha yake

Mwezi Novemba 1884 Padre McGivney alihamishiwa Thomaston, mji mdogo wa viwanda, akiwa paroko. Aliwahudumia watu wake miaka sita. Alifariki kwa nimonia tarehe 14 Agosti 1890, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38. Papa Fransisko aliidhinisha atangazwe Mwenye heri, na ibada ilifanyika Hartford tarehe 31 Oktoba 2020. Kumbukumbu yake ni tarehe 13 Agosti.

Tunajifunza nini?

Walioshuku uaminifu wa Wakatoliki kwa nchi yao hawakujibiwa kwa hoja peke yake. Walijibiwa na familia ambazo hazikusambaratika baba alipofariki. Taifa ni watu, na anayemwacha mjane wa jirani yake hawezi kudai kwamba analipenda taifa, hata akiimba wimbo wake kwa sauti kubwa. Neno uzalendo lilikuja mwishoni, baada ya matendo kutangulia.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunachanga rambirambi na kukesha na wafiwa. Tunafanya vizuri. Lakini baada ya arobaini, nani anauliza kama watoto wa marehemu wamelipiwa ada? Hapo ndipo Padre McGivney alipoanzia, na sisi tunaweza kuanzia hapo, kwa daftari moja la jumuiya na majina ya wajane wetu.

Mwenye heri Michael McGivney, utuombee.