Emin Pasha na shajara za West Nile
Dkt. Eduard Schnitzer, maarufu kwa jina la Emin Pasha, alizaliwa Silesia mwaka 1840. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa Ikweta, jimbo la Misri lililofika hadi West Nile ya leo, na mwaka 1885 akahamia Wadelai, kando ya Nile. Katika shajara zake aliandika habari za safari, hali ya hewa, ndege na wenyeji. Aliuawa Kongo mwaka 1892. Franz Stuhlmann alianza kuzichapisha shajara hizo Ujerumani mwaka 1916.

Hivyo ya karne ile twayasoma kwa kalamu ya mgeni. Familia za Dranya, Koboko, zilizokimbia vita vya 1979 zikarudi, zisitupe barua, vyeti na stakabadhi zilizosalia sandukuni. Hiyo ndiyo historia iliyoandikwa na wenyewe.