Mwanafunzi wa sheria, jifunze kubeba mzigo kwa Kardinali Rugambwa

Ukifika Bukoba mjini huwezi kulikosa kanisa kuu la Jimbo Katoliki. Ndani yake amezikwa Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi. Wengi tunamkumbuka kwa cheo hicho. Wachache wanakumbuka kuwa kabla ya kuwa askofu alikuwa mwanafunzi wa sheria, aliyesoma mbali na nyumbani, kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, hadi akapata shahada ya udaktari. Wiki hii tuyapitie maisha yake kwa jicho la afya, kwa sababu yana la kumwambia kijana anayesoma sheria leo.

Nianze na namba moja. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ile tuliyozoea kuiita Law School, yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati, watu wakajadili mitaala, vyuo na ufundishaji. Lakini nyuma ya namba ile kulikuwa na vijana ambao usiku ule hawakupata usingizi, na ambao asubuhi walipaswa kupiga simu nyumbani.

Kwetu Kagera simu ya namna hiyo ni nzito kuliko kwingine. Tunataniwa kwa jina la nshomile, yaani nimesoma, na sisi wenyewe tunalipenda. Kijana wa Muleba anapokwenda chuo kusomea sheria, ukoo mzima umeshamuita mwanasheria kabla hajafanya mtihani wa kwanza. Fahari hiyo ni nzuri, ila humfanya mtoto aone aibu kusema kwamba amezidiwa. Msongo wa mawazo unaofichwa ndio unaokua haraka.

Rugambwa alizaliwa Julai 12, 1912, kijijini Bukongo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Alisoma seminari ndogo ya Rubya, humo humo Muleba, kisha akavuka mpaka kwenda Seminari Kuu ya Katigondo, upande wa Masaka nchini Uganda. Alipewa upadri Desemba 12, 1943, akiwa na miaka 31. Hapo alikuwa tayari ametumia sehemu kubwa ya ujana wake darasani, na sheria ilikuwa bado inamsubiri.

Tukubaliane jambo moja. Simwiti Rugambwa mgonjwa wa msongo, wala simfanyi kuwa mtu asiyechoka. Ninachotazama ni uzito wa mzigo alioubeba na namna maisha aliyoishi yalivyopangwa kuubeba.

Waliosoma seminari wanajua siku yao inaendeshwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya chakula, ya kazi za mikono, ya michezo, na ya kulala. Kijana huona kama inamsumbua. Kwa mwili, kengele ile ni dawa, na sababu yake ni hii.

Unapoona hatari, hata kama hatari yenyewe ni karatasi ya mtihani, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, misuli hukaza na akili huwa macho. Hilo si ugonjwa. Ndilo linalokuamsha mapema siku ya mtihani na kukufanya ukumbuke ulichosoma. Tatizo huanza pale mwili usipopewa nafasi ya kushuka tena, ukabaki juu wiki baada ya wiki. Kengele ya chakula, ya jembe na ya kulala huulazimisha mwili kushuka, utake usitake.

Wewe uliye chuoni huna kengele. Hakuna anayekuzimia taa. Kwa hiyo kengele yako uipange mwenyewe: saa ya kuanza kusoma, saa ya kufunga kitabu, saa ya kula chakula kamili, saa ya kutembea au kucheza mpira, na saa ya kulala. Kijana anahitaji usingizi wa kati ya saa 7 na 9 kwa usiku. Ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma wakati umelala, hivyo anayekesha usiku wa mtihani anapoteza sehemu ya kile alichokifanyia kazi.

Baada ya miaka kadhaa ya upadri, Rugambwa alipelekwa Roma, katika chuo kinachojulikana leo kama Chuo Kikuu cha Urbaniana, kusomea sheria za Kanisa. Ulaya ilikuwa imetoka kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliyokwisha mwaka 1945. Sheria aliyopaswa kuimudu ilikuwa Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, wenye kanuni 2,414, kwa Kilatini. Nje ya darasa, mitaani, watu walizungumza Kiitaliano. Kihaya na Kiswahili vilibaki upande huu wa bahari.

Ukiwa mwanafunzi wa sheria hapa Tanzania, hali hiyo unaifahamu. Nyumbani ulikua na Kihaya, shuleni ukaanza na Kiswahili, sasa Sheria ya Ushahidi na kesi za rufaa unazisoma kwa Kiingereza cha mahakama. Ni kusoma mengi, kwa lugha ya tatu, kisha kusimamishwa mbele ya wenzako ujibu papo hapo. Ukiona unachoka kuliko rafiki yako anayesoma kozi nyingine, usijidharau.

Sasa utajuaje kwamba uchovu umegeuka kuwa msongo unaoumiza? Mwili hutangulia kusema. Kichwa kinauma mara kwa mara, shingo na mabega vimekaza, tumbo linavurugika kila ukikaribia kipindi, moyo unadunda ukiwa umekaa tu. Usingizi hauji, au unaamka saa 9 usiku na kuanza kuhesabu masomo. Kisha huja akili: unasoma ukurasa mmoja mara nne na hauingii, unasahau vitu vidogo, unakasirishwa na jambo dogo. Mwisho huja mwenendo: unakwepa vipindi, unajifungia chumbani, hupokei simu za nyumbani, pombe inaanza kuwa njia ya kupata usingizi. Dalili moja kwa siku moja si kitu. Nyingi kwa pamoja, zikidumu, ni ujumbe.

Hapa niseme na watu wa Bukoba juu ya kahawa. Wengi wetu tumekua na kahawa ya kutafuna, na mwanafunzi huibeba mfukoni kwenda nayo chuo. Kahawa yetu kubwa ni robusta, na robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika. Kwa watu wengi, saa 5 hivi baada ya kuitumia, nusu ya kafeini bado iko mwilini. Ukitafuna saa 2 usiku, saa 7 usiku bado inafanya kazi, moyo unadunda, nawe unadhani ni woga wa mtihani. Tafuna asubuhi, ikipita saa 8 mchana iache.

Turudi kwa Rugambwa. Kanuni 2,414 hazimezwi usiku mmoja. Mkusanyiko wenyewe uligawanywa katika vitabu vitano, kila kitabu kikagawanywa tena, hadi unafika kwenye kanuni moja unayoweza kuisoma kwa dakika chache. Fanya hivyo na mzigo wako. Usiandike kwenye ratiba kwamba leo utasoma Sheria ya Mikataba. Andika kwamba leo utasoma masharti ya mkataba kuwa halali, na kesi mbili. Ukimaliza, funga kitabu uyaseme kwa mdomo kama unamweleza mdogo wako. Ukikwama, umejua pa kurudia. Kazi yenye mwisho unaoonekana haitishi kama ile isiyo na mwisho.

Jambo jingine ni kutobeba peke yako. Mwaka 1939, Rugambwa akiwa bado miaka minne kabla ya upadri, Joseph Kiwanuka alifanywa askofu wa Masaka, eneo hilo hilo la Katigondo. Kiwanuka naye alikuwa amekwenda Roma na kurudi na udaktari wa sheria za Kanisa. Njia ile, basi, ilikuwa na mtu aliyekwisha kuipita akarudi mzima. Wewe pia mtafute aliyekutangulia: mwanafunzi wa mwaka wa juu, wakili kijana wa pale Bukoba, hata yule aliyerudia mtihani kisha akafaulu. Huyo wa mwisho atakusaidia kuliko wote. Seminari pia huwa na mlezi wa kiroho ambaye kijana humweleza siri zake bila kuogopa alama. Chuoni mtafute mshauri wa wanafunzi, kiongozi wa dini au ndugu mmoja anayeweza kutunza neno.

Desemba 1951, akiwa na miaka 39, Rugambwa aliteuliwa kuongoza eneo jipya la Kanisa la Kagera ya Chini, na mwaka 1953 likawa Jimbo la Rutabo. Mwanafunzi wa Roma alikuwa amerudi nyumbani Muleba. Mwaka 1960 akawa kardinali na askofu wa Bukoba, na mwaka 1968 akahamishiwa Dar es Salaam kama askofu mkuu. Akiwa huko, mwaka 1983, Kanisa lilitoa mkusanyiko mpya wenye kanuni 1,752. Ule wa kanuni 2,414 aliouhangaikia ujanani ukakoma kutumika. Alikuwa na miaka 71, na alibaki kuwa yule yule Rugambwa. Sheria hubadilika na mitihani hupita. Wewe si karatasi yako ya matokeo.

Mwaka 1992, akiwa na miaka 80, alistaafu. Aliyebeba mzigo miaka 40 ya uaskofu naye aliutua. Alifariki Desemba 8, 1997, akazikwa Kashozi, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa kanisa kuu la Bukoba.

Mzazi uliyeko Kamachumu, Nshamba au Kashozi, neno moja kwako. Mtoto akipiga simu, tangulia kumuuliza kama amekula na kama amelala. Matokeo yaulize baadaye. Akikwambia ameshindwa somo, mwambie nyumbani ni kwake bado, ndipo muanze kupanga cha kufanya.

Nawe kijana, huzuni na kukata tamaa vikidumu zaidi ya wiki mbili, ukikosa hamu ya kila kitu, au ukianza kufikiri kwamba heri ungekufa, huo si uvivu wala udhaifu. Ni ugonjwa unaotibika. Usisubiri mitihani iishe. Mwambie mtu leo, usikae peke yako, uende hospitali iliyo karibu, iwe ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, Rubya, Kagondo au Ndolage. Kama hapo hakuna mtaalamu wa afya ya akili, daktari atakuelekeza kwa mwenye utaalamu huo.

Jioni hii chukua karatasi, uandike saa yako ya kufunga kitabu na jina la mtu mmoja utakayempigia. Hizo ndizo kengele zako mbili za kwanza. Tukutane wiki ijayo.