Penye Miti Hapana Wajenzi

Hapa Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mkulima wa kahawa anajua vyema kwamba mali ghafi peke yake haimtajirishi mtu. Faida humfuata mwenye kiwanda. Ukweli huo ndio uliomsumbua marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa muda mrefu wa maisha yake.

Alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akajitosa katika siasa. Mnamo 1960 alikuwa radhi kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziungane kwanza. Shirikisho halikupatikana. Lililobaki ni soko la pamoja lililorithiwa kwa Waingereza, ambalo viwanda vyake vingi vilikuwa Kenya. Tanganyika ilikuwa na ardhi, mkonge, pamba na almasi. Lakini penye miti hapakuwa na wajenzi.

Mwalimu hakuikataa biashara ya pamoja. Alidai faida yake igawanywe kwa haki. Mapatano ya Kampala ya 1964 yalikusudia kugawa viwanda, kile cha matairi kikiwa fungu la Tanganyika. Kenya haikuyaidhinisha. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 uliiruhusu nchi iliyopungukiwa kutoza kodi bidhaa za jirani yake, ukaanzisha na Benki ya Maendeleo iliyotengea Kenya asilimia 22.5 tu ya uwekezaji wake. Hata hivyo, viwanda vya matairi vilijengwa viwili, Nairobi na Arusha, vikigombania soko moja dogo.

Mwalimu naye hakukosa lawama. Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, alikataa kuketi naye, na kikao cha marais hakikufanyika tena. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka hadi 1983. Alifariki Oktoba 1999, wiki chache kabla ya mkataba mpya kutiwa saini Arusha.

Sisi Wakenya huelekea kufundisha kwamba Jumuiya iliuawa na siasa ya Ujamaa. Walimu wenzangu, tuwaeleze wanafunzi ukweli wote. Lalamiko la mkulima wa Githongo dhidi ya wakaangaji kahawa wa ng'ambo ndilo lililokuwa lalamiko la Mtanzania dhidi yetu. Asiyesikia kilio cha jirani hana haki ya kushangaa chake kisiposikika.