Fisher na Mishale ya Sumaku
Ronald Fisher alizaliwa London mwaka wa 1890. Macho yake yalikuwa mabovu, basi shuleni akafundishwa hesabu bila karatasi wala kalamu. Maumbo yote aliyachora kichwani. (Na sisi tunalilia kalkuleta!)

Mawe ya volkano ya Iceland yana sumaku ya kale, kila moja na mwelekeo wake kidogo. Utapataje wastani? Ukijumlisha digrii 350 na 10 ukagawanya kwa mbili, wapata 180: kinyume kabisa! Mwaka wa 1953 Fisher aliichukua mielekeo hiyo kama mishale inayotoka katikati ya mpira, akaiunganisha, akakadiria pia ukubwa wa kosa. Kulipunguza kosa kwa nusu, mawe maradufu hayatoshi. Yataka mara nne. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka wa 1962.