Shuman na Jua la Maadi

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huu twautumia sana barazani, mara nyingi tukizungumza mambo ya ndoa na majirani. Lakini wachache wetu tunajua kwamba hata mataifa makubwa yaliwahi kuupuuza, tena katika jambo ambalo leo dunia nzima inalilipia gharama. Jambo lenyewe ni nguvu za kuendeshea mitambo. Na mtu aliyewaonyesha wenziwe mbachao wao ulipo, wakamtazama, wakamsifu, kisha wakamwacha mkono, ni Mmarekani mmoja aliyeitwa Frank Shuman. Maisha yake ndiyo tunayoyakusudia leo.

Shuman alizaliwa mwezi wa Januari mwaka 1862 huko Brooklyn, New York. Hakukaa sana darasani. Elimu yake kubwa aliichuma kwa kusoma peke yake na kwa kazi ya mikono, na katika ujana wake alifanya kazi ya ukemia katika kiwanda cha rangi. Mwaka 1891 alihamia mji wa Philadelphia, ambako ami yake alikuwa mkubwa wa kiwanda cha chuma katika mtaa wa Tacony. Kiwanda hicho kilikuwa na kazi ya kuupaka madini mnara wa jumba la jiji pamoja na sanamu ya William Penn iliyokusudiwa kusimama juu yake, na kijana huyu akawa miongoni mwa waliotegemewa katika kazi hiyo ngumu.

Jina lake, hata hivyo, halikutokana na sanamu, bali lilitokana na kioo. Zama zile kioo kikivunjika katika paa la kiwanda, vipande vyake huwamwagikia watu walio chini na kuwakata vibaya. Shuman akabuni njia ya kuingiza wavu wa waya ndani ya kioo kingali moto, hata kikipasuka vipande vishikamane visianguke. Hati ya uvumbuzi huo aliipata mwaka 1892. Kioo hicho kilienea viwandani na majumbani, kikampa Shuman mali ya kutosha kununua nyumba na kiwanja huko Tacony, na kikampa jambo lililo adimu kwa mvumbuzi, yaani nafasi ya kufikiri bila ya kuhangaikia chakula cha kesho.

Basi alipokuwa na nafasi hiyo aliinua macho akalitazama jua.

Wakati huo Ulaya na Marekani zilikuwa zimezama katika makaa ya mawe. Meli, gari la moshi, kiwanda cha nguo, taa za mjini, vyote vilikula makaa. Kila mtu aliyaona kuwa ndiyo nguvu yenyewe, hakuna nyingine. Shuman alikuwa mtu wa hesabu, akaona kwamba makaa ni akiba iliyofukiwa ardhini, na akiba ikiliwa kila siku bila kuongezwa lazima iishe. Jua nalo huchomoza kila asubuhi, na hakuna awezaye kulichimba likesha. Hesabu yake ilimwambia kwamba kipande cha Jangwa la Sahara cha kama maili za mraba 20,000 kingetosha kutoa nguvu sawa na zile zilizotokana na fueli yote iliyochimbwa duniani kwa mwaka mmoja katika zama zake.

Alianza na vitu vidogo. Alitengeneza masanduku mapana yaliyofunikwa vioo, ndani yake mna mabomba meusi. Joto la jua hupenya kioo likanaswa ndani, kama linavyonaswa ndani ya gari lililoachwa juani madirisha yakiwa yamefungwa. Ndani ya mabomba alitia etha, maji ambayo huchemka upesi kwa joto dogo, na mvuke wake ukasukuma injini. Mwaka 1907 aliwaita watu waje kuona kiwanjani pake Tacony, wakakuta injini inazunguka bila moto, bila moshi, bila mtu wa kukoleza makaa. Baadaye aliiacha etha akatumia maji ya kawaida na injini aliyoibuni iendeshwe na mvuke usio na kani kubwa. Kufikia mwaka 1911 alikuwa na mtambo wenye zaidi ya futi za mraba 10,000 za kunasia jua, unaovuta maji kwa maelfu ya galoni.

Lakini Philadelphia ni mji wa baridi na mawingu, na makaa huko yalikuwa rahisi. Shuman alijua kwamba pahali pa kazi yake ni nchi yenye jua kali na makaa ghali. Nchi hiyo ilikuwa Misri. Misri haikuwa na makaa yake. Yalisafirishwa baharini kutoka Uingereza, na bei yake ilipanda kwa kila maili ya safari. Wakulima wa huko wakiyapandisha maji ya Nile mashambani kwa shadufu, ambayo ni mti wenye ndoo upande mmoja na uzito upande wa pili, au kwa sakia inayozungushwa na ng'ombe. Shuman akatafuta wenye mali mjini London, wakaunda kampuni, naye akafunga safari.

Alichagua Maadi, kusini ya Cairo, kando ya Nile. Wenye fedha wa London hawakutaka kubahatisha, wakamleta mwanasayansi Mwingereza, Charles Vernon Boys, aukague mpango wake. Boys ndiye aliyependekeza masanduku yale yawekwe kando na badala yake yajengwe mahori marefu ya vioo. Msomaji wa pwani hatapata shida kuyafahamu. Chukua hori la kuvulia samaki, likate ncha zote mbili, upande wa ndani ulipange vioo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha juu yake, katikati, upitishe bomba la maji. Miale yote inayoangukia vioo hukusanyika katika bomba, na maji yakachemka. Mahori yalikuwa matano, kila moja kiasi cha mita 62 kwa urefu na mita 4 kwa upana. Yalilazwa kaskazini kwa kusini, na kifaa maalum kikiyageuza polepole kutoka mashariki hadi magharibi, ili yalifuate jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Katika mipango yake Shuman alikuwa na hodhi la kuhifadhia maji ya moto, ili injini isilale jua linapotua.

Kazi haikuwa nyepesi. Mabomba ya kwanza yalikuwa ya zinki, na jua la Misri likayalegeza yakaharibika, ikabidi yafanywe mengine ya chuma. Baada ya kuchelewa huko, mtambo ukafunguliwa rasmi mwaka 1913 mbele ya wakubwa wa Cairo. Ulitoa zaidi ya nguvu za farasi 50, na pampu ikayatoa maji ya Nile kwa kiasi cha galoni 6,000 kwa dakika. Dunia haikuwa imepata kuona mtambo wa jua wa kiasi hicho.

Hapa ni haki tuseme ukweli wote. Misri wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza, na Lord Kitchener ndiye aliyekuwa mwakilishi wao na mwenye amri. Yeye alivutiwa mno, akaahidi shamba la pamba la ekari 30,000 huko Sudan kwa ajili ya mitambo ya Shuman. Wajerumani nao wakatenga fedha ili ajenge mwingine katika mojawapo ya makoloni yao ya Afrika. Lakini pamba ile ilikusudiwa kulisha viwanda vya Uingereza. Mkulima wa Kimisri mwenye shadufu yake hakuulizwa anataka nini, wala mkulima wa Sudan hakuulizwa. Jua lilikuwa lao, mto ulikuwa wao, lakini faida ilikuwa imekwisha kugawanywa London. Shuman hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mfanyabiashara wa zama zake, na zama zile ziliiona Afrika kama kiwanja kitupu.

Hata hivyo, mipango yote hiyo ilipeperuka. Mwezi wa Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa mjini Sarajevo, na kabla ya miezi miwili kwisha Ulaya ilikuwa vitani. Wahandisi wakaitwa makwao. Kitchener akaenda kuwa waziri wa vita. Mtambo wa Maadi ukavunjwa, na vyuma vyake vikachukuliwa kwa shughuli za vita. Shuman akarudi Tacony, akiendelea na kazi za vioo huku akitaraji kwamba vita vikimalizika atarudi kwenye jua lake. Hakurudi. Alikufa kwa maradhi ya moyo mwezi wa Aprili 1918 akiwa na umri wa miaka 56, vita havijamalizika.

Huenda mtu akauliza, kwa nini basi wengine hawakuiendeleza kazi yake? Jibu lake ni mafuta. Mwaka 1908 mafuta yalipatikana Uajemi, na mwezi wa Juni 1914, mwezi uleule wa Sarajevo, bunge la Uingereza liliidhinisha serikali inunue zaidi ya nusu ya hisa za kampuni iliyokuwa ikiyachimba, ili manowari zake zisikose fueli. Baada ya vita mafuta yakawa mengi na rahisi. Ukimwaga mafuta injini inanguruma, mchana na usiku, jua au mvua. Nani angehangaika na mahori ya vioo jangwani? Msala mpya ulikuwa umepita, na mbachao ukatupwa.

Lipo jambo moja ambalo Shuman hakulitia katika hesabu zake. Yeye alihofia makaa kwisha. Hakuhofia moshi wake. Na si kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1896 mwanachuoni wa Sweden, Svante Arrhenius, alikuwa amekwisha kupiga hesabu kuonyesha kwamba hewa ya ukaa inayotoka katika makaa ikizidi angani itaifanya dunia iwe na joto zaidi, kwa kuwa hewa hiyo huzuia joto lisitoke, mithili ya blanketi. Watu wawili hawa waliishi zama moja, mmoja akiijua dawa na mwingine akiujua ugonjwa, na dunia haikuwakutanisha.

Sisi wa pwani ugonjwa huo tumekwisha kuuona kwa macho. Mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka na mengi yakafa, na mvuvi anajua kwamba pasipo na matumbawe samaki hana nyumba.

Kidogo kidogo dunia imerudi alikokuwa Shuman. Tangu miaka ya 1980 mahori ya vioo kama yake yalijengwa katika jangwa la California. Mwaka 2011 Wamisri wenyewe walianza kuyatumia huko Kuraymat, kusini ya Cairo, katika mtambo unaochanganya jua na gesi. Mwaka 2016 Morocco ilifungua mtambo wake wa Ouarzazate, ambao ukubwa wake ungemshangaza hata Shuman. Na mwaka 2022 ulipofanyika mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa, ulifanyika katika nchi ileile ya Misri, mjini Sharm el-Sheikh.

Kwetu Kenya sehemu kubwa ya stima hutokana na joto la ardhini, maji na upepo, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalifikia. Na mwaka 2019, baraza la rufaa la mazingira lilipoifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, sababu mojawapo ilikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Ndilo kosa lilelile lililofanyika Maadi na Sudan zaidi ya miaka mia iliyopita. Nguvu ziwe za makaa au za jua, mwenye ardhi yake na bahari yake ana haki ya kuulizwa, na ana haki ya fungu lake.

Maisha ya Shuman yana mafunzo mawili, moja la ushindi na moja la hasara. La ushindi ni kwamba aliyoyasema yaliwezekana, na maji ya Nile yalipanda bila moshi. La hasara ni kwamba tulipoteza karibu miaka sabini kabla ya kuuokota tena mbachao tulioutupa. Miaka hiyo hairudi. Iliyobaki ndiyo ya kuhesabiwa.