Emin Pasha: munganga aliyeshindwa kuchagua kati ya kubaki na kuondoka

Mu jimbo la Ituri, watu wengi wanalijua swali hili bila kufundishwa na mtu: tubaki hapa ao tuondoke? Kichwa kinahesabu chakula, usalama na masomo ya watoto. Moyo unakumbuka shamba, majirani na makaburi ya wazee. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, kandokando ya Ziwa Albert, kuna mtu mgeni aliyesumbuliwa na swali hilo hilo mupaka likamumaliza. Historia inamujua kwa jina la Emin Pasha.

Jina la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 huko Oppeln, muji uliokuwa wa Prusia na ambao leo uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, lakini baba alipokufa na mama kuolewa tena, mutoto akabatizwa Muprotestanti. Akasoma uganga. Alipokosa ruhusa ya kufanya mutihani wa serikali, mu mwaka wa 1864 akaenda kutafuta maisha mu utawala wa Waturuki, akawa munganga kwenye bandari ya Antivari.

Kisha akaingia katika kazi ya liwali mumoja Muturuki. Liwali alipofariki mu 1873, Schnitzer akachukua mujane na watoto, akawapeleka kwa jamaa yake Ujerumani, akisema ni familia yake. Mu 1875 akaondoka gafula, akawaacha pale. Hakurudi tena. Hiyo ilikuwa tabia ya kukumbuka: mambo ya nyumba yalipomushinda, alinyamaza, akashika njia.

Mwisho wa mwaka huo akafika Khartoum, Sudan. Muingereza Gordon, aliyetawala jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya Misri, akamupa kazi ya munganga mukubwa huko Lado. Hapo akawa anaitwa Emin, maana yake mwaminifu. Mu 1878 akafanywa gavana wa jimbo lote, sehemu ambayo leo ni kusini mwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Huyu mutu aliyekuwa anazunguka bila kwao akapata kwake. Macho yake yalikuwa mabovu, ilibidi asogeze kitabu karibu kabisa na uso, lakini alikusanya ndege na majani, akavipeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Akajifunza luga. Akaoa mwanamuke wa Uhabeshi, wakazaa mutoto musichana, Ferida. Lakini utawala wake haukuwa wa haki kwa wote: askari wake waliishi kwa kunyanganya ng'ombe na chakula cha wenyeji.

Mu 1881 Mahdi akaanzisha vita huko Sudan. Mu Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Emin akafungiwa njia ya kaskazini, akahamia kusini, Wadelai. Misri ikamujulisha kwamba haiwezi tena kumusaidia, na kwamba yuko huru kuondoka. Kichwa kilikuwa na kila sababu ya kwenda: risasi zilikuwa zinaisha, mishahara haikuja. Lakini yeye aliandikia Ulaya akiomba vifaa ili abaki. Hakuomba kutolewa.

Ulaya ikasikia vingine. Ikatuma msafara wa kumuokoa, ukiongozwa na Stanley, yule Wakongo walimuita Bula Matari. Mu 1887 Stanley akapanda muto Kongo, akatoka Yambuya na kuingia pori la Ituri. Wapagazi wengi walikuwa watu wa Zanzibar. Njaa, magonjwa na mishale viliua mamia. Tarehe 29 Aprili 1888 wakakutana na Emin kwenye kando ya Ziwa Albert. Muokoaji alifika na njaa na nguo zilizopasuka. Muokolewa alifika na meli ya moshi, akamugawia chakula na nguo.

Stanley akamuwekea njia tatu. Kwanza, kurudi Misri pamoja naye. Pili, kubaki gavana chini ya mufalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mushahara. Tatu, kuhamia upande wa Ziwa Victoria na kutumikia kampuni ya Waingereza. Emin hakuchukua hata moja. Alijibu kwamba atafanya kile watu wake watachagua. Ilionekana kuwa ni upendo, na labda ulikuwemo. Lakini ilikuwa pia namna ya kukimbia uamuzi: watu wake walimungojea yeye, yeye akawangojea wao.

Wakati haukungojea. Mu Agosti 1888 askari wake wakaasi, wakamufunga huko Dufile. Wakamufungua mu Novemba, sababu jeshi la Mahdi lilikuwa linakaribia. Sasa hakukuwa tena na swali la kuchagua. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu karibu 1.500 ukatoka kwa Kavalli, kwenye vilima vya Ituri juu ya ziwa, pamoja na wanawake na watoto, Ferida kati yao. Askari wengi waliosita waliachwa nyuma.

Walipita Semliki na Ruwenzori, wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo huo, kwenye karamu ya kumupokea, Emin, kwa macho yake yale, akaanguka kutoka dirisha la gorofa, akaumia kichwa vibaya.

Alipopona, akakataa kufuata Stanley. Angeweza kupumzika kwa heshima. Lakini mu Aprili 1890, akiwa sasa katika kazi ya Wajerumani, akarudi bara. Alisaidia kuanzisha Bukoba, kisha, bila ruhusa ya wakubwa wake, akaendelea mupaka Ituri. Mu 1891 akawakuta askari wake wa zamani, wakiongozwa na Selim Bey. Akawaomba wamufuate. Wengi wakakataa: walisema wao ni watu wa Misri, hawatumikii Wajerumani. Haikupita muda, Muingereza Lugard akawachukua kwenda Uganda.

Ndui ikaingia katika msafara wake. Mu Desemba 1891 akamutuma mwenzake Stuhlmann aondoke na wazima, yeye akabaki na wagonjwa, karibu kipofu. Baadaye akashika njia ya mangaribi, kuelekea Kongo. Tarehe 23 Oktoba 1892, huko Kinena, watu wa mukubwa Kibonge wakamukata shingo.

Wengi wanasema Emin alipotezwa na moyo. Lakini moyo wake ulimwambia ukweli: Ekwatoria ilikuwa kwake. Kichwa nacho kilisema ukweli: jimbo bila risasi na bila serikali nyuma yake haliwezi kusimama. Kosa lilikuwa kuviacha viwili hivi bila kuvikutanisha wakati bado kulikuwa nafasi. Mu Aprili 1888 alikuwa na njia tatu mukononi. Mwaka mumoja baadaye alikuwa na moja tu, na haikuwa yeye aliyeichagua. Na aliporudi kutafuta kwake, pahali palikuwepo, ziwa lilikuwepo, lakini watu waliopafanya kuwa kwake hawakuwa tena wake.

Familia inayojiuliza leo kama irudi kijijini ao ibaki mujini inaweza kuchukua hapo jambo moja. Kuhesabu hatari ni lazima, na kusikiliza uchungu wa kuacha kwenu si ujinga. Vyote viwili vinapaswa kusemwa wazi, baba, mama na watoto wakiwa wamekaa pamoja, mbele vita ao njaa haijaamua kwa niaba yao.