Louis Braille, Mwalimu wa Vipofu

Tarehe 4 Januari 1809, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, alizaliwa Louis, mwana wa Simon-René Braille, fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 3, alichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaambukia na jicho la pili, na alipotimiza miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Wazazi wake, watu wa sala, hawakumficha nyumbani. Padri wa parokia, Jacques Palluy, alimfundisha, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji. Mwaka 1819 alipelekwa Paris, kwenye shule ya vijana vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Huko vitabu vilikuwa vichache mno. Herufi za kawaida zilichomozwa juu ya karatasi nene. Kila kitabu kilikuwa kizito na cha gharama kubwa. Kipofu alisoma polepole kwa vidole, lakini kujiandikia hakuweza.

Ndipo afisa mmoja, Charles Barbier, alipoleta shuleni maandishi ya nukta 12. Louis alitambua kwamba ncha ya kidole haiwezi kuzishika zote kwa mguso mmoja, akazipunguza hata 6. Mwaka 1824, naye kijana wa miaka 15, kazi ilikuwa karibu kukamilika. Mwaka 1829 aliitangaza kwa kitabu. Nukta hizo 6 hutoa alama 63, zitoshazo herufi, tarakimu na hata muziki. Chombo cha kuziandika ni kibao na chuma kidogo chenye ncha, mfano wa kile kilichompofusha. Maskini aweza kukipata, na kukichukua mkononi popote aendapo.

Louis akawa mwalimu, tena mpiga kinanda kanisani. Mkuu mmoja wa shule aliyakataza maandishi yake, lakini wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri. Yeye hakulipiza wala hakukata tamaa. Kifua kikuu kilimdhoofisha miaka mingi, na tarehe 6 Januari 1852, sikukuu ya Tokeo la Bwana, alifariki akiwa amepokea Sakramenti. Mwaka 1854 shule ile iliyapokea rasmi maandishi yake.

Ndugu Wakristu, aliyepanda hakuona mavuno. Je, mtoto kipofu wa jirani yetu amefichwa nyumbani? Tumwongoze shuleni, kama Padri Palluy alivyomwongoza Louis.